Shajara ya mradi: misemo ya Kiingereza yenye maji, kwa wanafunzi wa Ujiji

Januari, shule zikifunguliwa

Mradi wenyewe ni kijitabu cha kurasa chache kinachoeleza kwa Kiswahili misemo ya Kiingereza ya kila siku iliyobeba maji ndani yake. Kila msemo utakuwa na sentensi ambayo mtoto wa Ujiji, Mwanga au Kibirizi, hapa Kigoma, ataisoma na kuona jambo linaloweza kutokea mtaani kwake kesho. Walengwa ni kidato cha kwanza hadi cha tatu. Darasa la saba walisoma kila kitu kwa Kiswahili, na sasa fizikia, jiografia na hesabu zote zimegeuka Kiingereza kwa mpigo mmoja. Nawaonea huruma, na nadhani tunaweza kuwasaidia zaidi ya tunavyowasaidia.

Nimechagua maji kwa makusudi. Waingereza ni watu wa kisiwa, na lugha yao imejaa bahari, mito, mabomba na ndoo. Wanafunzi wetu nao wamekulia ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Wamelioga, wameliogopa, wamekula kutoka humo. Wakikutana na msemo wa maji, nusu ya kazi wamekwisha kuifanya kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Shida iko kwenye sentensi. Madaftari yao yana orodha, msemo kushoto, maana kulia: "in hot water", kuwa matatani. Mtihani ukiuliza maana, wanapata alama. Wakiambiwa watunge sentensi, wanaandika "My grandmother is in hot water because she has malaria." Sarufi haina kasoro, lakini sentensi haisemeki. Mwingereza hutumia maneno hayo kwa mtu aliyewaudhi wakubwa au wenzake, akawa anasubiri kuwajibishwa. Bibi mwenye malaria hakumkosea mtu. Orodha haikumwambia mwanafunzi hilo, na hakuwa na njia ya kulijua.

Kwa hiyo kanuni ya kijitabu nimeiandika ukurasa wa kwanza: kila sentensi iwe na msemaji, msemwaji na kisa. Msemo usiopata kisa cha hapa kwetu hauingii.

Februari, mchujo

Nimekaa na mwalimu mwenzangu wa Kiswahili tukapitia misemo yote niliyoikusanya. Iliyoanguka ni ile ambayo hata Waingereza wa leo hawaisemi sana, kama "of the first water", uliotoka kwa wafanyabiashara wa almasi waliopima ung'avu wa jiwe kwa kulilinganisha na maji. Msemo mzuri, lakini mtoto wa kidato cha pili ana mambo ya haraka zaidi.

"Come hell or high water" umebaki, kwa sababu tuna wa kuukalisha karibu nao: liwalo na liwe. Sentensi yake ni ya msichana anayemwahidi mama yake kwamba atamaliza kidato cha nne, iwe isiwe.

"Spend money like water" ulizua mjadala nilioufurahia sana. Kiswahili nacho husema fulani anatumia pesa kama maji, kwa hiyo nilitegemea upite bila swali. Mwanafunzi mmoja anayeishi mitaa ya juu, ambako mara nyingi maji hununuliwa kwa dumu, alikataa. Kwao, alisema, mtu anayetumia pesa kama maji ni bahili: anapima kila kikombe, anaoshea vyombo maji yaliyofulia, na mabaki anamwagia mchicha. Darasa zima lilimwelewa papo hapo. Msemo umeingia pamoja na hoja yake, imeandikwa chini ya sentensi: mtu aliyeutunga msemo huu aliona maji yanayotiririka bure.

Mwishoni mwa Februari, shingo na kichwa

Huu ndio ukurasa nilioupigania kuliko yote.

Kiswahili kina maji ya shingo. Mtu husema "maji yamenifika shingoni", na anayesikia anaelewa kwamba anaombwa msaada. Kiingereza kina "to keep one's head above water". Picha ni moja kabisa: mtu yumo majini na kinachoonekana ni kichwa tu. Wanafunzi huziona pacha hizo wakazifunga pamoja, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu Kiswahili kinatazama maji yanayopanda na Kiingereza kinatazama kichwa ambacho bado kiko juu. Anayesema "We are keeping our heads above water" anakuambia kwamba hali ni ngumu lakini wanajimudu. Ni jibu la heshima kwa mtu aliyeuliza habari za biashara. Kwetu mtu huyo angesema tunajikongoja, au tunasukuma siku.

Hebu fikiria mwanafunzi anayeandika barua ya kuomba msaada wa ada kwa Kiingereza. Anataka kusema nyumbani maji yamewafika shingoni. Anachukua msemo anaodhani ni uleule, na msomaji wa barua anaelewa kwamba familia inajimudu. Msaada unakwenda kwa mwingine. Ndiyo maana siwezi kukubali orodha ya msemo kushoto, maana kulia.

Kisa cha ukurasa huu hakikutafutwa mbali. Mwaka 2024 uvuvi wa upande wetu wa ziwa ulifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Nyumba nyingi za hapa zinategemea dagaa na migebuka, na kila mwanafunzi anakumbuka walivyoishi. Sentensi tuliyoitunga pamoja ni hii: "When the lake was closed, my mother sold palm oil to keep our heads above water." Mama anauza mawese, familia haikuzama. Nilipowauliza kama mama huyo anaomba msaada au anajivunia, walijibu kwa pamoja kwamba anajivunia, na nikajua msemo umeingia.

Kwa upande wa pili, wa kuomba, tumeweka "in deep water". Huyu hagusi chini tena. Nimewaonyesha pia Zaburi ya 69, ambamo mtu anamlilia Mungu amwokoe kwa kuwa maji yamempanda. Neno la Kiebrania lililotumika pale hubeba maana ya nafsi na ya koo pia, ndiyo maana tafsiri nyingine za Kiingereza zinasema maji yamefika shingoni. Wanafunzi wa dini zote walishangaa kwamba malalamiko ya mtu wa kale namna ile yanafanana na ya mama zao sokoni.

Tahadhari moja imeongezwa kwa herufi ndogo. "Up to my neck in work" ni msemo mwepesi zaidi. Mtu ana kazi nyingi tu, hazami. Usiufananishe na maji ya shingo, sembuse na maji kuzidi unga.

Machi, ngeli

Kabla ya kuendelea na misemo, ilibidi nisimamishe kazi nishughulikie jambo la sarufi lililokuwa linaharibu kila sentensi. Maji katika Kiswahili yako ngeli ya YA-YA: maji yamemwagika, maji haya, maji mengi. Mtoto aliyelelewa na upatanisho huo anaandika "The water are cold" bila wasiwasi wowote, na ana sababu ya kuandika hivyo. Kwake maji ni mengi tangu azaliwe.

Kiingereza huyahesabu maji kuwa kitu kimoja kisichogawanyika: "The water is cold." Lakini ndani ya misemo, "waters" hujitokeza: "test the waters", "muddy the waters", "still waters run deep". Nimewaambia wachukue msemo kama ulivyo, herufi kwa herufi, na wasirekebishe ndani yake. Nje ya msemo, maji ni umoja. Somo hili limepewa kurasa mbili, na mwalimu mwenzangu amesaidia kwa kuwapa mazoezi ya ngeli za Kiswahili kwanza, ili waone kwamba lugha yao nayo ina kanuni waliyokuwa wakiitii bila kuijua.

"Test the waters" tumeupatia kisa cha kijana anayetaka kuuza chapati nje ya stesheni ya reli. Kabla ya kukopa, anapika chache aone zitakwendaje. Wanasiasa wetu husema wanapima upepo, na maana ni ileile.

Machi, hoja isiyovuja

"Hold water" ni picha ya chombo. Mimina maji ndani yake. Kikiwa na ufa, utaona. Kiingereza kinatumia hivyo kwa hoja, maelezo au visingizio, na mara nyingi kwa kukanusha: "His story does not hold water." Sisi tunasema hoja haina mashiko.

Kilichohitaji uangalifu ni kiima cha sentensi. Wanafunzi walipenda kuweka mtu: baba, mwalimu, jirani. Kwa Kiingereza, mtu asiyeweza kushika maji ni mtu aliyeshindwa kuzuia mkojo, na kumwandika mzee namna hiyo ni aibu kubwa. Kwa hiyo kijitabu kinasema wazi kwamba kinachoshika au kuvujisha maji ni maneno ya mtu, mtu mwenyewe asiguswe.

Kisa: mvulana kachelewa namba, anasema boti ya abiria kutoka vijiji vya kaskazini ilichelewa kwa sababu ya mawimbi. Mwalimu wa zamu anatazama dirishani, ziwa limelala kimya. Hapa sentensi inajitunga yenyewe.

Aprili, moto na baridi

Mvua zimeharibu ratiba, kwa hiyo maingizo ni mafupi.

"In hot water" umepata kisa chake: kiranja wa bweni aliyepoteza funguo za stoo, na mkuu wa shule anamngoja. Hakuna ugonjwa ndani yake wala msiba.

"Pour cold water on" hudai wazo au mpango baada yake. "The committee poured cold water on our plan for a school boat." Ukiandika kwamba mkuu wa shule alimmwagia mwanafunzi maji baridi, msomaji ataona ndoo na sare iliyolowa. Kiswahili cha siku hizi humwagia mtu maji baridi bila shida, na msikilizaji hujua ni moyo uliovunjwa. Kiingereza humwagia mpango.

"Water down" tumeuwekea onyo. Wengi walitaka kuutafsiri kuwa kuchakachua, kwa sababu maziwa na mafuta ya taa huchakachuliwa kwa kutiwa kitu kingine. Lakini kanuni za shule zilizopunguzwa makali baada ya wazazi kulalamika zimekuwa "watered down", na hakuna aliyeiba. Kuchakachua kuna udanganyifu ndani yake. Huku si lazima. Nao mtu wa tia maji tia maji, asiye na msimamo, ni habari nyingine kabisa.

Mei, daraja na maji yaliyomwagika

Misemo miwili ambayo kila kitabu nilichowahi kukiona kinaiweka kapu moja: "water under the bridge" na maji yakimwagika hayazoleki. Vyote vinahusu jambo lililopita, kwa hiyo mwandishi wa orodha anaona kazi imekwisha. Nimetumia muda mrefu hapa, na sijutii.

Maji yakimwagika hayazoleki hutamkwa mbele ya hasara. Kitu kimepotea na hakitarudi: simu imetumbukia ziwani, mkopo umeliwa, bikari imevunjika maabara. Msemaji anamzuia mwenzake asipoteze nguvu kwa majuto. Waingereza kwa jambo hilohilo wanamwaga maziwa: "It's no use crying over spilt milk."

Maji yanayopita chini ya daraja ni mengine. Hapo palikuwa na ugomvi, au aibu, au jambo lililowahi kuuma kati ya watu, na sasa haliumi tena. Aliyesimama juu ya daraja la mto Malagarasi, kwenye barabara ya kwenda Tabora, mto ukiwa umejaa, anajua maji yale yalivyopita: hayakumwagika, hayakupotea, yameelekea ziwani, na wewe bado umesimama juu pakavu. Sisi tunasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Jambo ambalo halimo katika orodha yoyote ni hili: nani ana haki ya kuusema? Niliwapa darasa kisa cha wavuvi wawili, ndugu wa baba mmoja, waliogombana kwa sababu mmoja aliazima nyavu za mwenzake akazirudisha zimechanika. Baada ya mwaka wanakutana msibani. Je, nani aseme "That's water under the bridge"? Darasa liligawanyika, kisha msichana mmoja wa nyuma akasema lazima awe mwenye nyavu. Yule aliyechana akiyasema kwanza, atakuwa anajisamehe mwenyewe. Ndivyo ilivyo kwa Kiingereza pia. Aliyekosewa akisema, ni msamaha. Aliyekosa akisema, ni ufidhuli. Methali yetu ya ndwele ina nafasi pana kidogo, maana mzee msuluhishi huweza kuitamka kwa niaba ya wote wawili, akiwa ameketi katikati.

Nimeiandika hoja ya msichana huyo kijitabuni karibu kama alivyoisema.

Juni, mwaloni Kibirizi

Nilitaka misemo yenye wanyama na vyombo ipimwe na watu wanaovijua, kwa hiyo tulikwenda Kibirizi asubuhi wavuvi wakirudi. Wanafunzi walimwamkia fundi mmoja wa mitumbwi, mzee sana, na walipopata ruhusa wakamweleza misemo kwa Kiswahili.

"A fish out of water" ulimfanya atikise kichwa. Samaki gani? Dagaa ukimtoa majini hana dakika. Kambare hubaki hai muda mrefu juu ya ardhi, kwa kuwa anaweza kuvuta hewa. Alikuwa sahihi, na swali lake lilinisaidia kueleza jambo lililokuwa likiwasumbua wanafunzi: katika Kiingereza huyu samaki hafi. Msemo unamhusu mtu anayeona haya, asiyejua mikono aiweke wapi, kama kijana wa kijijini siku yake ya kwanza kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Wanafunzi walikuwa wakiandika sentensi za vifo. Sasa tunayo hii: "At the wedding in Dar es Salaam, my uncle felt like a fish out of water." Mjomba alirudi salama.

"Like water off a duck's back" nao ulipata mengi. Bata ana tezi ya mafuta karibu na mkia. Hupitisha mdomo pale, kisha hujipaka manyoya, na manyoya yenyewe yamepangika kwa namna inayozuia maji kupenya. Maji humteleza. Mzee akawaelekeza wanafunzi kwenye mwamba ambako mnandi alikuwa amesimama ametandaza mabawa. Huyo manyoya yake hulowa, na kulowa humsaidia kuzama akimfuata samaki. Akitoka lazima ajianike. Kwa hiyo si kila ndege wa majini anafaa msemo huu. Katika kijitabu nimeweka sentensi mbili, kwa kuwa msemo unasifu na kulaumu. Mlinda mlango anayezomewa na mashabiki asitetereke anasifiwa. Mtoto anayeonywa kila siku kuhusu kuogelea penye mamba, na maonyo yakamteleza, analaumiwa.

Kisha "dead in the water". Chombo kinaelea lakini hakiendi, upepo umekufa au injini imezima. Kwa mpango au mazungumzo, maana yake yamekwama hayana tumaini. Mvulana mmoja alitoa mfano wa MV Liemba, na tukakaa chini kuujadili kwa sababu kila mtu hapa anaijua meli hiyo. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuletwa Kigoma kwa reli, ikashushwa ziwani 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa Malagarasi isitekwe. Waingereza waliiinua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Nikawauliza: miaka ile ilipokuwa chini ya ziwa, je, ilikuwa "dead in the water"? Mvulana alifikiri, akajibu hapana, ilikuwa imezama. Msemo unataka chombo kilicho juu ya maji, kinachoonekana na kila mtu, kisichosogea. Jibu zuri kabisa. Nalo lilileta jambo jingine: Liemba iliinuliwa ikafanya kazi tena, lakini mpango ambao Mwingereza ameuita hivyo kwa kawaida ameshakata tamaa nao.

Julai, farasi na mtoto mchanga

"You can lead a horse to water, but you can't make it drink." Ni msemo mkongwe sana, umo katika mahubiri ya Kiingereza ya karne ya 12, na John Heywood aliuweka kwenye mkusanyo wake wa methali wa 1546. Kwetu farasi hawaonekani, na Waswahili kwa busara wameshampa punda kazi hiyo: utampeleka mtoni, kunywa ni hiari yake. Nimeacha farasi katika Kiingereza na punda katika Kiswahili. Kisa ni cha mzazi aliyelipia masomo ya jioni na mtoto asiyefungua daftari.

"Throw the baby out with the bathwater" ulikuja na hadithi ambayo mwanafunzi aliipata kwenye simu: eti zamani Uingereza familia nzima ilioga pipa moja, baba kwanza, mtoto mchanga mwisho, maji yakiwa meusi kiasi kwamba mtoto alimwagwa bila kuonekana. Hadithi hiyo inasambazwa sana na haina ukweli. Msemo wenyewe umetoka Ujerumani, ambako Thomas Murner aliuchapisha katika tungo zake za dhihaka mwaka 1512, pamoja na picha ya mwanamke akimwaga karai na mtoto ndani. Kiingereza kiliupata baadaye. Thomas Carlyle aliutumia 1849. Nimewasihi wanafunzi waidai tarehe na jina kila wanapoletewa asili ya msemo, kwa sababu hadithi za namna hii huwa tamu kuliko ukweli na hukaa kichwani maisha yote.

Sentensi: shule ilifuta mashindano yote ya ngoma kwa sababu siku moja kulitokea vurugu. Ngoma ndiyo mtoto, vurugu ndiyo maji machafu. Kidato cha tatu waliandika aya nzima bila kuombwa.

Agosti, mgawanyiko wa maji

Mwalimu wa jiografia aliyehamia hapa kutoka Tabora ameniletea zawadi, neno "watershed". Kwa maana ya ardhi, ni mstari wa mwinuko unaogawa maji ya mvua: tone likianguka upande huu linakwenda mto huu, likianguka upande wa pili linakwenda kwingine. Kwa maana ya maisha, ni tukio ambalo baada yake mambo hayakurudi kama zamani.

Yeye hulifundisha kwa ramani ya kwao. Maji ya mto Ugalla hutoka mkoa wa Tabora yakaingia Malagarasi, Malagarasi ikamwaga Ziwa Tanganyika, ziwa likatoka kwa mto Lukuga upande wa Kongo, na mwisho wa safari ni Bahari ya Atlantiki. Mvua inayoangukia bonde la Wembere, mashariki mwa mkoa uleule, huelekea maziwa Kitangiri na Eyasi, ambayo hayana njia ya kutokea baharini. Ukisogea kaskazini, maji yanakwenda Ziwa Victoria, Nile na Mediterania. Mawingu ya siku moja juu ya uwanda mmoja, na maji yake yanaachana hivyo. Wanafunzi waliotaka kujua msemo wa Kiingereza walijikuta wanafuata mito kwa kidole kwenye ramani hadi kengele ikalia.

Tahadhari: Wamarekani huliita bonde zima kwa neno hilohilo, Waingereza ule mstari wa mwinuko. Kwa maana ya tukio kubwa wote wanakubaliana. Sentensi ya Kigoma ni kufika kwa reli ya kati mwaka 1914, baada ya karne ambayo safari ya kutoka pwani hadi Ujiji ilikuwa ya miguu na ilichukua miezi: "The railway was a watershed in the history of Kigoma."

Septemba, kabla ya kuchapa

Umebaki msemo mmoja ambao bado tunabishana juu yake: "Still waters run deep." Mwalimu wa Kiswahili anataka uende sambamba na kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi naona methali yetu inaonya. Mtu mkimya atakulipua siku moja. Kiingereza cha leo mara nyingi kinamsifu mkimya kwamba ana fikra nzito, ingawa onyo la zamani bado limo. Tena maji yao yanatiririka, ni ya mto, wakati wanafunzi wote walipousikia walifikiria ziwa alfajiri. Tumekubaliana kuweka sentensi mbili, moja ya msichana asiyeongea darasani ambaye insha yake ilimshangaza mwalimu, nyingine ya jirani mpole ambaye hakuna aliyejua anachopanga, na mwanafunzi aamue mwenyewe kutokana na kisa.

Rasimu iko steshenari ya Mwanga, inapigwa chapa upya baada ya mpangilio wa kurasa kurekebishwa. Michoro ya mnandi na bata imechorwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu na itaingia kama ilivyo. Nakala za kwanza watapewa kidato cha pili, kwa kuwa mtihani wao wa taifa ni Novemba. Kidato cha kwanza watafuata. Kila nakala ina mistari mitupu chini ya kila msemo, na kazi ya kwanza watakayopewa ni kwenda nazo nyumbani wakawasimulie wazazi kisa, wawaulize wangesemaje wao, na waandike jibu pale kwa Kiswahili cha nyumbani kwao.